Stihl, Husqvarna ama ya China? Kabla Utoe Ganji ya Pawa So, Pitia Hapa Kwanza

Mtaani pawa so ni kama nduthi. Msee akipata yake ya kwanza anaona maisha imeanza kusonga. Kazi haikosi: mkima wa mzee fulani Murang'a umezeeka, saipras imeegemea nyumba ya watu Limuru, blugamu Kericho zinangojewa na viwanda vya majani chai vinavyochoma kuni. Ukiwa na mashine iko fiti na mkono umezoea, unalipwa kwa mti, kwa siku ama kwa futi ya mbao.

Lakini ukiuliza mafundi watakuambia kitu kimoja: pawa so nyingi zinazoletwa kwao hazijafa uzee. Zimeuliwa. Zingine zimenoki kabla mwenyewe arudishe hata nusu ya doo aliyonunua nayo. Na mara nyingi si jina la kampuni lililomwangusha. Ni oili kwenye petroli, skrubu za kabureta na oili ya cheni.

Kwa hivyo tutalinganisha brand, lakini tutaenda mbele kidogo. Brand inakupa chuma na spea. Hayo mengine ni wewe.

Hizi majina zimetoka wapi

Stihl ni ya Ujerumani. Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Stuttgart mwaka wa 1926, na pawa so yake ya kwanza ilikuwa ya stima, mzigo wa kubebwa na watu wawili. Ya petroli ilifuata 1929.

Husqvarna ni ya Sweden, na ni ya kitambo sana. Ilianza 1689 kama kiwanda cha bunduki. Imetengeneza cherehani na pikipiki, halafu 1959 ikaleta pawa so yake ya kwanza.

Echo ni ya Japani. Makita pia ni ya huko, lakini upande wa pawa so za petroli iliupata kwa kununua Dolmar ya Ujerumani mwaka wa 1991. Makita iliacha kutengeneza mashine za injini mwaka wa 2022 ikahamia za betri, kwa hivyo ukiuziwa ya petroli ya jina hilo, uliza spea zitatoka wapi.

Halafu kuna zile za China, hasa zenye kibandiko cha 5200 ama 5800. Jina la juu hubadilika kila duka, lakini ukifungua ndani utaona ni ndugu.

Mwili: hapa ndipo bei inatoka

Watu wengi hulinganisha pawa so kwa cc pekee. Hiyo ni kama kununua gari kwa kuangalia rangi. Cha kuuliza kwanza ni hiki: injini imeshikiliwa na nini?

Mashine za kazi nzito zina kasha la krenki la magnesiamu, limegawanywa mara mbili na kufungwa kwa bolti. Krenki inakaa kwa beringi zilizoshikwa na chuma, na silinda inafungwa juu yake. Hata ikipata joto siku nzima, kila kitu kinabaki kwa mstari. Stihl MS 382 ya cc 72.2, MS 661 ya cc 91.1, Husqvarna 372 XP ya cc 70.7 na Husqvarna 395 XP ya cc 93.6 ziko kwa hii ligi. Echo CS-590 pia ina kasha la magnesiamu.

Mashine ndogo zimejengwa tofauti. Injini ni kipande kimoja kidogo, kimefungwa ndani ya mwili wa plastiki. Stihl MS 170 ya cc 30.1 na MS 250 ya cc 45.4 ziko hivyo, na hata Husqvarna ina zake za aina hiyo. Si mbaya. Ni nyepesi na bei yake inashikika. Kwa kukata matawi, kuni na miti ya wastani, zitakubeba miaka ukizitunza. Noma inaanza ukizifanyisha kazi ya wakubwa.

Na Kenya kazi ya wakubwa ni kupasua mbao shambani. Kuangusha mti ni dakika chache. Kupasua gogo kwa urefu ni kufinya mafuta hadi mwisho, dakika baada ya dakika, chini ya jua. Hakuna kitu kinapika injini kama hiyo. Ukienda kwa hiyo kazi na cc 30, hiyo mashine umeiandikia barua ya kifo. Mafundi wa mbao hushika cc 70 kwenda juu. Ndiyo maana Stihl MS 070 ya kitambo, jitu la cc 106, bado linaheshimiwa: halikimbii sana, lakini lina nguvu ya kuvuta.

Vitu vingine vya kuangalia mwilini:

- Mtetemo. Mashine nzuri ina springi ama raba kati ya injini na vishikio. Ukitetemeshwa siku nzima vidole hufa ganzi, na baada ya miaka ganzi inaweza kukaa.
- Chujio la hewa. Husqvarna ina mfumo unaotupa vumbi kubwa pembeni kabla lifike kwa chujio. Stihl kubwa zina chujio zinazoshika hata vumbi laini. Ukifanya kazi ya mathenge Baringo, ambapo kila kitu ni vumbi, hii utaiona maana yake.
- Breki ya cheni. Isukume mbele kwa mkono. Ikikataa kushika, rudisha mashine dukani.

Na hizi za China? Ukweli usiofichwa ni kwamba zingine hufanya kazi vizuri na zingine hukufa mapema, hata zikitoka kwa boksi zinazofanana. Shida si kila kipande kuwa kibaya. Shida ni kwamba hujui umepata gani. Spea zake ni rahisi kupata na bei ni ya chini. Kwa msee wa kukata kuni za boma mara moja kwa mwezi, hesabu inaweza kukubali. Kwa anayetegemea mashine ilipe rent, hiyo ni kamari.

Usichanganye hizo na feki. Mashine ya China yenye jina lake ni halali. Ile imepakwa rangi ya machungwa na nyeupe ikaandikwa Stihl na si Stihl ni wizi, na kampuni yenyewe imekuwa ikionya watu kuhusu mali bandia. Kama unauziwa MS 070 ama MS 382 "mpya" kwa bei ya kutupa, uliza namba ya mashine na uipeleke kwa wakala rasmi kabla pesa itoke M-Pesa.

Petroli na oili: hesabu ya sirinji

Injini ya pawa so ni ya mipigo miwili. Haina sehemu ya kuweka oili kama gari. Oili yake yote inapitia kwa petroli. Ukisahau, pistoni inasugua silinda kavu, na dakika chache zinatosha kumaliza hadithi.

Kipimo kinategemea oili uliyonunua:

- Oili ya Stihl ama Husqvarna yenyewe: 50 kwa 1. Hiyo ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, au 100 kwa lita 5.
- Oili ingine ya mipigo miwili: Stihl inasema 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita, au 200 kwa lita 5. Vitabu vingi vya Husqvarna vinasema 33 kwa 1, yaani mililita 30 kwa lita.
- Mashine nyingi za China: fuata kitabu chake. Nyingi huandikwa 25 kwa 1.

Wacha kupima na kifuniko cha soda. Ingia chemist, nunua sirinji ya mililita 20, hiyo ndiyo mizani yako. Changanya kwa jerikeni safi, tikisa, halafu ndiyo ujaze. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutegemee.

Onyo kwa watu wa Pwani na wa Ziwa Victoria: oili ya injini ya boti si ya pawa so. Injini ya boti inapozwa na maji. Pawa so inapozwa na hewa na ina joto zaidi. Na oili ya gari kwa petroli ya pawa so ni hapana kabisa.

Tuning: skrubu tatu na urefu wa milima

Kabureta ya kawaida ina skrubu tatu. L ni ya mwendo wa chini. H ni ya mwendo wa juu. Ya tatu inapanga mngurumo mashine ikiwa imetulia. Stihl wanaiita LA, Husqvarna wanaiita T.

Maneno mawili ya kushika. Mchanganyiko mzito ni petroli nyingi, hewa kidogo: mashine inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi na nguvu inapungua. Mchanganyiko mkavu ni hewa nyingi, petroli kidogo: mashine inalia kwa sauti kali, inaonekana ina nguvu sana, halafu inanoki. Kumbuka oili inakuja na petroli. Ukipunguza petroli umepunguza oili pia, na joto limepanda. Ndiyo maana ukavu unaua na uzito unasumbua tu.

Sasa hapa Kenya kuna kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikupigii kelele vya kutosha. Ukiwa Eldoret uko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Nairobi ni kama 1,800. Kilifi ni ufuo. Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa karibu moja kwa tano. Kwa hivyo fundi wa Eldoret akikupangia kabureta ikae sawa huko, halafu upewe kazi ya minazi na mivinje Kilifi, hewa ya Pwani inaingia nyingi na petroli ni ile ile. Mashine imekuwa kavu bila mtu kuigusa. Utaiskia ikilia tamu kuliko kawaida siku ya kwanza. Huo utamu ndio hatari.

Ukienda kinyume, kutoka Pwani kupanda Timboroa, itakuwa nzito na ya moshi. Inaudhi, lakini haifi.

Sheria ya kichwa: ukishuka, fungua H kidogo kabla ya kufanya kazi. Kufungua ni kinyume cha saa, na kunaongeza petroli.

Jinsi ya kupanga, kwa ufupi:

1. Safisha chujio la hewa kwanza. Chujio chafu kinadanganya kila kitu.
2. Hakikisha cheni ni kali na haijakazwa kupita kiasi. Washa, acha injini ipate joto.
3. Kama zote zimeharibiwa, funga L na H polepole hadi zikae, bila kulazimisha, kisha fungua kila moja raundi moja. Ni mwanzo wa mashine nyingi, lakini kitabu cha yako ndicho mkubwa.
4. Geuza L utafute mahali mngurumo uko juu zaidi, kisha ifungue kidogo. Ukifinya mafuta, injini inafaa kuitika mara moja bila kusitasita.
5. Tumia LA ama T kupunguza mngurumo hadi cheni isimame kabisa. Cheni inayozunguka hujagusa mafuta ni ajali inayongoja siku yake.
6. Finya mafuta hadi mwisho kwa sekunde chache tu, cheni ikiwa hewani. Unataka sauti yenye kukwaruza kidogo, kama inabubujika. Ukiingiza kwa mti, ule mkwaruzo unapotea na sauti inakuwa safi. Kama ni safi na kali hata hewani, iko kavu. Fungua H.

Baada ya kazi toa plagi uangalie. Rangi ya chokoleti ni poa. Nyeupe ni kavu. Nyeusi na majimaji ni nzito.

Tofauti ya brand iko hapa pia. MS 170 nyingi hazina H ya kugeuza, kiwanda kimeshaifunga. Zingine zina vifuniko vinavyozuia skrubu kugeuka mbali. Mashine mpya za bei ya juu zina kompyuta ndogo inayojipanga yenyewe: Stihl wanaiita M-Tronic, Husqvarna wanaiita AutoTune. Kwa msee anayezunguka kaunti kwa kaunti, hiyo ni pesa imetumika vizuri. Kwa msee ambaye fundi wake ni wa kijiji na hana kifaa cha kuisoma, skrubu za kawaida bado ni rafiki.

Na kama mngurumo unapanda na kushuka wenyewe, ama ukiachilia mafuta injini inakataa kushuka, wacha skrubu. Kuna hewa inaingia mahali, mara nyingi kwa sili za krenki ama mpira wa kabureta. Hakuna tuning itaziba shimo.

Oili ya cheni: hapa ndipo wengi tunajiua

Cheni inakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde juu ya baa. Si ile ya kukunywa, ni ile chuma refu inayobeba cheni. Bila oili, chuma kinasugua chuma, baa inageuka bluu, cheni inarefuka na inaweza kukatika.

Pampu ndogo karibu na klachi ndiyo inapeleka oili. Kwa mashine nyingi za kisasa inafanya kazi cheni ikizunguka tu. MS 170 pampu yake haigeuzwi. Unapata kile kiwanda kilipima, na kwa baa yake fupi kinatosha. MS 382 na 372 XP zina skrubu ya kuongeza ama kupunguza. Ukiweka baa ndefu, au ukipasua mti mgumu na mkavu, unaongeza. Stihl pia wana cheni yenye vijia vidogo vya kubeba oili hadi kwa viungo, na wanadai ukiiunganisha na baa na pampu zao unaokoa hadi nusu ya oili. Kwa za China, tazama gia ya pampu: ikiwa ya plastiki, weka spea moja kwa mfuko.

Tangi zimepimwa petroli iishe kabla ya oili. Kwa hivyo ukijaza petroli, jaza oili, kila mara. Kama petroli imeisha na tangi ya oili bado imejaa, hakuna oili inaenda kwa cheni.

Testi ni rahisi: elekeza ncha ya baa juu ya kisiki cheupe, karibu lakini bila kugusa, kisha finya mafuta. Mstari wa oili ukitokea, uko sawa. Usipotokea, toa baa, safisha kile kitundu cha oili na ule mfereji kwa waya mwembamba. Utomvu wa saipras ukichanganyika na unga wa mbao unaziba kama simiti. Geuza baa juu chini kila ukiitoa, isilike upande mmoja.

Sasa tubonge kuhusu oili chafu ya gereji. Ni ya bure ama ya bei ya kutupwa, na karibu kila mtu ameitumia. Stihl na Husqvarna wote wanaikataza, na si kwa sababu wanataka kuuza yao tu. Ina unga wa chuma unaokula pampu na baa. Imepoteza ule mnato wa kushika cheni, kwa hivyo inaruka yote kwa ncha. Na wewe ndiye unasimama kwa ule mvuke. Kitabu cha Stihl kinasema wazi kwamba oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta saratani ya ngozi. Unaiokota bure, halafu unailipa baadaye kwa mwili wako.

Kama oili ya cheni haipatikani ulipo, vitabu vya zamani vya Husqvarna vinakubali oili ya giabox ya EP 90. Oili mpya ya injini pia ni afadhali mara kumi kuliko chafu. Mafuta ya kupikia? Yatafanya kazi kwa siku, lakini ukiyaacha wiki yanaganda na kufunga pampu.

Usilaumu oili kabla hujaangalia meno

Cheni kali inatoa vipande vya mbao. Butu inatoa unga. Ukiona unga, unaanza kusukuma kwa nguvu, baa inapata joto, moshi unatoka, halafu unasema pampu imekufa. Nunua tupa ya mviringo ya saizi yako: cheni ndogo ya MS 170 inataka milimita 4.0, ya .325 inataka 4.8, na ya 3/8 kubwa inataka 5.2 ama 5.5 kulingana na mtengenezaji. Piga kila jino idadi sawa. Vile vizuizi vidogo mbele ya jino vikae chini ya jino kwa karibu milimita 0.65. Ukivishusha sana mashine itaanza kurukaruka mkononi.

Ukinunua used

Toa eksozi, geuza injini polepole, angalia pistoni kupitia tundu la moshi. Ikiwa na mikwaruzo ya kusimama, imewahi kukauka, tembea. Vuta kamba taratibu, unafaa kuskia ikigoma. Waulize wakuwashie ikiwa baridi, si ile wameshaipasha moto kabla hujafika. Na uliza ilikuwa inafanya kazi wapi na kwa oili gani. Mwenye mashine nzuri hujibu haraka.

Mwisho: mguu na sheria

Robo ya juu ya ncha ya baa ndiyo hatari kuliko zote. Ikigusa mti, mashine inarudi usoni kabla hujapepesa. Kofia ya chuma, buti, glavu na suruali ya kinga si mambo ya wazungu. Ni bei ndogo kuliko mguu.

Na kabla uingie msituni: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inafanya kuingia na pawa so kwa msitu wa umma bila idhini kuwa kosa, hata kama hujakata kitu. Ukipata kazi ya huko, dai karatasi za KFS uzione na macho yako.

Kwa hivyo chaguo ni hivi. Kuni za boma na matawi: cc 30 hadi 45, brand yenye wakala karibu nawe. Kuangusha miti kila wiki: cc 50 hadi 60, kasha la magnesiamu. Kupasua mbao: cc 70 kwenda juu, na hapo usijaribu kuokoa. Halafu kwa ile bei uliyopanga, tenga thao kadhaa za oili mbili, tupa na sirinji. Msee mwenye cc 45 na hivyo vitu atafanya kazi hadi mwaka ujao. Mwenye cc 90 na oili chafu atakuwa kwa fundi kabla mvua ianze.